Maua Kwenye Mtumbwi wa Jirani

Ban Thadeng, ukingoni mwa Mekong
Juma la pili baada ya mashindano

Kwako Dada Bouavanh,

Pokea salamu zetu sote, na za mto pia, maana maji ninayoyaona hapa dirishani huenda yakakufikia Pakse kabla ya barua hii. Hujambo wewe na shemeji? Watoto je, kile kikohozi kimewaacha? Sisi hatujambo, ila mabega yangu yananiuma, na sababu utaiona. Mama ni mzima, tena mzima kupita kiasi, na ndiye aliyenifanya nishike kalamu. Kuna jambo lake linalongoja neno lako. Tafadhali soma mpaka mwisho kabla hujakasirika.

Mwaka huu tumeshindwa mbio za mitumbwi. Naliandika upesi ili lipite. Tumeshindwa na Ban Nakhoun, majirani zetu wale wale, kwa urefu wa pua ya mtumbwi. Na si kwamba hatukujiandaa. Mwenyekiti wa kijiji alitutoa jasho tangu mvua za kwanza, mpaka viganja vyetu vikawa vigumu kama nyayo. Kila mtu alisema safari hii kombe ni letu.

Sasa unajua tangu Baba afariki, Mama ndiye mwenye heshima ya kufunga maua na vitambaa kwenye pua ya mtumbwi wetu, na kumwomba Bibi, yule roho wa mti uliochongwa, atubebe salama. Asubuhi ya mashindano mitumbwi yote ilikuwa imefungwa sambamba pale chini ya hekalu. Mama akashuka na maua yake ya manjano, ndizi zake na wali wake. Akapiga magoti, akaomba kwa utaratibu, akafunga vizuri kabisa. Akafunga kwenye mtumbwi wa Ban Nakhoun.

Tulipogundua tulikuwa tumeshakaa, makasia mkononi. Mwenyekiti akaenda kuyadai maua. Wakamjibu kwa adabu, huku wakibana vicheko, kwamba alichokwisha kupewa Bibi hakirudishwi, ila salamu zetu watamfikishia. Basi tukashindana pua tupu, mbele ya umati uliojaa ukingo wetu na ule wa ng'ambo, Thailand. Dada, niliona aibu mpaka nikasahau kuhesabu mapigo ya ngoma.

Tangu siku hiyo Mama haamkiwi sokoni. Muuza samaki mmoja alimuuliza leo anawanunulia kijiji gani. Nikajitwika kumtetea, nikazunguka nyumba kwa nyumba nikisema maskini ana mtoto wa jicho, haoni vizuri. Watu wakaanza kulainika. Ili maneno yangu yawe na uzito nikampeleka hospitali, Vientiane. Mama akasoma herufi zote mpaka zile ndogo za chini, kisha akamwambia daktari kifungo cha koti lake kimelegea. Daktari akanitazama kana kwamba mgonjwa ni mimi.

Tulipotoka tukaenda kukaa kando ya mto, tukala samaki wa kuchoma na wali wa kunata. Akina mama walikuwa wakifanya mazoezi kwa muziki, wazee wakirusha tufe zao za chuma, pale pale ambapo Babu alituonyesha watu walipoingia majini wakati wa vita, wakakimbilia ng'ambo wameshikilia vigogo vya migomba. Nikamuuliza Mama ilikuwaje. Hakuzunguka.

"Macho yangu hayana kasoro, Seng," akasema. "Nilifunga nilipotaka kufunga. Nyie mna kijiji kizima cha kuwaombea. Khamtan ana nani?"

Unamkumbuka Mzee Khamtan, mshika usukani wa Ban Nakhoun, aliyeshindana na Baba miaka yote, kisha akaja kulibeba jeneza lake bila kuombwa. Sasa naye ni mgane. Tangu mkewe afariki, maua ya mtumbwi wao hufungwa na yeyote aliye karibu. Mwaka huu alishika usukani kwa mara ya mwisho, maana magoti yamegoma. Na jioni zote zile nilizodhani Mama anakwenda kunyoosha viungo na wenzake, kumbe alikuwa akirusha tufe na huyo mzee. Anamshinda, anasema.

Nilikasirika, sikufichi. Nikamwambia ametuuza. Akacheka, akasema tulipitwa kwa sababu tunapiga kasia kama watu wanaokoroga supu. Halafu akaacha kula, akanifungulia moyo wake. Mzee Khamtan amemposa, naye bado hajamjibu.

"Wewe nitakuweza kwa maneno," akasema. "Lakini Bouavanh ndiye aliyemlilia baba yake kuliko wote. Akisema hapana, basi ni hapana."

Kesho yake nikaenda Ban Nakhoun peke yangu, uso nimeukunja. Mzee akanitandikia mkeka, akaniomba radhi kwa ushindi wao, ingawa si sana. Akaniambia hataki kukaa mahali pa Baba, anataka tu mtu wa kula naye. Nilirudi nikiwa nimempenda, Dada, na kinyongo cha mbio kikiwa palepale.

Mama hatakulazimisha. Ukikataa, maji yakishuka atarudi kwenye bustani yake pale ukingoni, atapanda saladi na vitunguu, wala hutamsikia akilalamika hata siku moja. Hilo ndilo linalonitisha. Kwa hiyo ukikubali, usijisumbue kuandika. Njoo tu mwezi ukiwa mpevu, umfunge mzee uzi mweupe wa baraka mkononi wewe mwenyewe, kila mtu aone.

Nisalimie shemeji, wabusu watoto, waambie mjomba wao bado ana nguvu, wasisikilize ya watu. Naishia hapa. Mama yuko mlangoni tangu nilipoanza kuandika, anafagia mahali pamoja.

Ni mimi mdogo wako,
Sengphet