Hodi Isiyoitikiwa

Tandika, Dar es Salaam

Mama yangu,

Shikamoo. Nakuamkia na mara ya pili, kwa ajili ya zile barua zako ambazo sikuzijibu. Mguu umepoa? Na Zuhura wangu anakula, au bado anachagua samaki kama mtoto wa liwali? Mimi ni mzima. Nalala, naamka, nakula. Bi Tatu, jirani yangu aliyenisimamia eda tangu Bakari atutoke, anasema nimenenepa. Huenda ni kweli, sijajitazama kwenye kioo.

Umeniuliza narudi lini Kilwa moja kwa moja. Umesema nyumba ya wapangaji haimfai mjane, tena shemeji Hamisi amekuandikia kwamba ameshapata mnunuzi na mimi nimekubali. Jibu ninalo, lakini kwanza nikusimulie habari ya chumba cha uani, kwa sababu jibu limetoka humo.

Unamkumbuka Mwalimu, yule Mpare mrefu aliyekupokea mizigo ulipokuja kumwona Zuhura alipozaliwa? Yeye na mkewe, Mama Neema, ndio waliokaa chumba cha uani tangu Bakari alipomaliza kukijenga. Wapangaji wengine wamekuja na kuondoka, hao wakabaki. Mkataba ukiisha hapakuwa na maneno mengi. Mwalimu anabisha hodi mlangoni kwetu, Bakari anamkaribisha, wanakaa barazani na kahawa. Mwalimu anasema, "Tunaomba tuendelee." Bakari anamjibu, "Kwani nani amewafukuza?" Basi, mambo yamekwisha, kwa mjumbe wanakwenda kutia sahihi tu. Chumba kikivuja ni hivyo hivyo. Hodi, karibu, kisha Bakari anapanda juu na kopo lake la lami huku akimtukana fundi aliyeezeka, na fundi ni yeye mwenyewe.

Masika yalianza mimi niko eda. Jioni moja nimekaa kwenye mkeka, Bi Tatu ameshakwenda kwake, nikasikia hodi. Alikuwa Mwalimu.

"Hodi, Mama Zuhura. Poleni sana. Ni bati letu linavuja, na ule mkataba nao umefikia mwisho. Sijui unasemaje."

Sikuitika. Ulinifundisha kwamba mwanamke wa eda sauti yake haisikiki na mwanamume wa kando. Niliona kivuli cha miguu yake chini ya mlango. Kilisimama kidogo, kisha kikaondoka. Baada ya siku chache akabisha tena, nikanyamaza tena.

Halafu asubuhi moja nikasikia kitanda kinagonga kuta za ukumbi. Nikadhani wanatoa kunguni juani. Mama Neema akaja mlangoni kwangu, akasema, "Mama Zuhura, sie tunakwenda. Mungu akutie nguvu." Ilikuwa Jumapili, nikadhani wanakwenda kanisani. Nilitikisa kichwa tu, wala mlango haukuwa wazi anione.

Hazikupita siku nyingi shemeji Hamisi akaja, akakaa upande wa pili wa pazia.

"Shemeji, unaona? Watu wa miaka yote wameondoka wenyewe. Nyumba ya wapangaji inataka dume. Ikivuja nani atapanda juu, wewe? Tuuze, kila mtu achukue haki yake, nawe urudi kwa mama."

Nikamwambia, "Sawa." Mama, siku zile nilikuwa nasema sawa kwa kila kitu. Uji, sawa. Chai, sawa. Hiyo ndiyo sawa aliyokuandikia.

Siku nilipotoka eda Bi Tatu aliniogesha, akanifukiza udi, akaniambia nitembee kidogo uani. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri. Nikafungua chumba cha uani nikitegemea kukuta dimbwi. Kikavu, mama. Kimefagiwa, hata kona. Nikatazama juu, nikaona kipande cha bati jipya kimepachikwa na lami imezungushwa pembeni. Siku hizi mabati yako kila duka, si kama zamani mpaka kibali, lakini hayaji yenyewe juu ya nyumba. Nikamuuliza Bi Tatu.

"Si Mwalimu? Alipanda siku moja kabla ya kuhama. Mie nilidhani umemtuma."

Nikavaa baibui nikaenda kuwatafuta Gongo la Mboto, ambako Bi Tatu alisema wamehamia. Mama Neema alikuwa anafua. Aliponiona alisimama na mapovu mikononi, hajui anikumbatie au aniamkie. Nikamuuliza nimewakosea nini hata wakahama.

"Wewe utukosee? Sie ndio tulijua tumekuudhi!" akasema. "Mama Zuhura, mji huu mwenye nyumba akitaka chumba chake hakufukuzi. Anakunyamazia. Magomeni tulinyamaziwa hivyo hivyo, tukajifanya hatuoni, mwisho tukatolewa vyombo nje watu wanatazama. Sasa Mwalimu alipobisha mara mbili hujibu, akaniambia, mke wangu, tufunge mizigo mapema."

"Nilikuwa eda."

"Eda tuliijua. Tulijua hutoki nje. Hatukujua kama hata karibu husemi."

"Na bati?"

Akanishangaa. "Angekuachaje na nyumba inavuja? Kopo la marehemu lilikuwa pale pale uani."

Hawarudi. Kodi ya huko wameshalipa, na Neema ameshaanza shule mpya. Alinisindikiza mpaka barabarani, akanipa mhogo.

Nilipomsimulia Bi Tatu, akapiga kofi paja lake. "Nani alikukataza kuitika hodi? Neno la haja mtu hulisema nyuma ya mlango, kwa adabu, likaisha!" Sikulaumu, mama, nawe ulifundishwa hivyo. Tena si eda iliyonizuia. Mama Neema ni mwanamke mwenzangu, na yeye pia sikumjibu. Ndani mwangu hapakuwa na mtu wa kuitika. Mpaka leo siku nyingi hayupo. Sijalia bado. Watu wananitazama usoni wakingoja, nami nawamiminia chai.

Basi wiki iliyopita Hamisi akaja na mnunuzi, mtu wa mitumba mwenye kiatu kizuri. "Hodi wenye nyumba!" Nami nikaitika, "Karibuni!" kwa sauti hata mwenyewe nikashtuka. Yule bwana akaanza kugongagonga kuta. Nikamwambia nyumba haiuzwi, ila kuna chumba kimoja uani kiko wazi, kikavu, kama anataka kupanga.

"Shemeji, si ulisema sawa?" Hamisi akauliza.

"Nilisema. Leo nasema hapana. Haki yako ya mirathi twende kwa shehe, utapewa. Matofali ya nyumba hii nilibeba kichwani na mimba ya Zuhura, na wewe ulikuwepo umekaa."

Mnunuzi alicheka, akanywa kahawa, akaenda zake. Hamisi aliondoka amevimba. "Ikivuja usiniite!" Juzi likavuja bati la ukumbini. Sikumwita. Nilipanda mwenyewe, Bi Tatu ameshika ngazi huku anasoma kila dua anayoijua. Ninavyokuandikia lami imeganda kwenye kucha zangu, ndiyo maana karatasi ina madoa.

Kwa hiyo mama, Kilwa nitakuja kuwaona, sitarudi kukaa. Pantoni ikianza tena kuvuka Rufiji, naomba unitumie Zuhura na mtu unayemwamini. Nataka mtu wa kuniita humu ndani.

Nisalimie kaka yangu mkubwa, mwambie asimsikilize Hamisi kabla ya kunisikiliza mimi. Nisalimie shangazi na macho yake, na maalimu wa chuoni anayekusomea barua hii. Maalimu, shikamoo, usiruke mahali.

Najua umeshaniandalia chumba, na maneno haya yatakuudhi. Nitukane, mama. Niite mkaidi, waambie majirani mjini kumeniharibu, yote niandikie, nitayasoma. Ila usininyamazie. Nimeshaona kimya kinavyohamisha watu.

Ni mimi mwanao,
Mwanahawa