Maoni Yaliyoandikwa Chini ya Filamu ya Babu Feruzi

Bergen, Norwei

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Nakuamkia nikiwa jikoni kwangu, miguu ndani ya beseni la maji ya moto, maana leo nimesimama tangu asubuhi kwenye mashine za kufulia za ile nyumba ya wazee. Goti linaendeleaje? Mama aliniambia siku hizi unaswali umekaa kwenye kiti, na neno hilo limenikaa moyoni. Je, kifua kimepata nafuu, au vumbi la Isevya bado linakusumbua? Mimi mwili ni mzima. Uchovu tu, baba. Nalala nao, naamka nao.

Nimeamua kuandika kwa mkono kwa sababu kwenye simu tumeshindwa. Siku ile nilipokuuliza habari za babu yako Feruzi, uliniuliza kama mvua bado inanyesha huku. Nikakujibu inanyesha. Tukaagana. Barua hii nitampa dada mmoja wa Nzega anayerudi nyumbani, akukabidhi mkononi, uisome mwenyewe na miwani yako bila mtu kusimama nyuma yako.

Unaijua ile kazi yangu ya pili, ya siku mbili kwa wiki. Ofisi yenyewe ni ndogo, inatengeneza filamu kwa fedha za serikali ya hapa, za hali halisi na za katuni fupi, kisha inaziweka mtandaoni watu wazitazame bure. Chini ya kila filamu watazamaji huandika maoni yao. Ya Kiswahili nayasoma mimi. Tusi naliondoa, swali nalijibu, mengine nayaacha. Ukiambiwa unaona ni kazi ya kukaa tu, lakini ukishinda unasoma hasira za watu usiowajua, unarudi nyumbani kama uliyebeba magunia.

Walipotaka kutengeneza filamu ya njia ya zamani ya misafara, kutoka Ujiji kupita Tabora hadi pwani, ni mimi niliyewapa jina lako. Wakaja, ukavaa kanzu nyeupe, ukakaa barazani ukawasimulia kwamba babu yako Feruzi alikuwa kirangozi, kiongozi wa msafara, mtu anayetangulia mbele na ngoma huku wapagazi wakimfuata. Wachoraji wa hapa wakaichukua sauti yako wakaitengenezea katuni. Feruzi wao ana manyoya kichwani na kifua kipana, anavuka mto Malagarasi kama anavuka mfereji. Mara ya kwanza kuiona nililia, nikajiambia, angalau mtu mmoja wa kwetu anatembea mbele.

Watazamaji walikuwa wengi. Mzee mmoja wa huku alilalamika kwamba kodi yake inachora katuni za Afrika wakati zahanati ya kijijini kwake imefungwa. Mwenzake akamjibu kwamba pembe za ndovu za safari hizo zilifika hata Ulaya, kwa hiyo hadithi ni yao pia. Wakagombana siku mbili. Kijana wa Kigoma akasema miti imechorwa vibaya, miombo haiko vile, na alisema kweli. Mtu wa Tabora akaandika, "Huyo mzee namfahamu, aliniuzia asali ya Sikonge, tamu kuliko filamu." Nilicheka peke yangu ofisini.

Kisha likaja neno lingine. Liliandikwa kwa adabu, bila hata alama ya mshangao. "Filamu ni nzuri na mzee anasimulia vizuri. Ila Feruzi hakuwa kirangozi. Aliletwa Tabora kutoka Manyema akiwa mtoto, shingo yake imefungwa kamba moja na ya bibi yangu. Hata hilo jina Feruzi alipewa na aliyemnunua. Mimi ni Tatu, mwalimu mstaafu, Kwihara."

Baba, nililisoma nimesimama. Sikujua kama ni kweli, lakini nilikumbuka kwamba nyumbani kwetu hakuna aliyewahi kutaja kijiji alikozaliwa Feruzi. Kila tulipouliza tukiwa wadogo, tulitumwa dukani.

Majibu yakamiminika chini yake. Wengine walimshukuru mwalimu. Wengine, na hao walikuwa watu wa kwetu, waliandika maneno ambayo sitayarudia kwenye karatasi utakayoishika. Waliulizana ukoo wetu ni upi, na kama tuna haki ya kujiita tunavyojiita.

Siku hiyohiyo kaka Idrisa akanipigia.

"Rehema, hicho kitufe unacho wewe. Futa."

"Nikifuta, kaka, nitakuwa nimefuta uongo au ukweli?"

"Mimi sikuulizi hayo. Mwanahawa ameposwa, na wakwe zake ni Waarabu wa mjini, wanatazama kama wanavyotazama wote. Posa ya mwanangu ikivunjika, utakuja kuishona wewe?"

Nikakata simu. Ndipo nilipokupigia wewe, ukaniuliza habari za mvua.

Nitakuambia nilichofanya, hata kama kitakuudhi. Nililifuta. Nilibonyeza, neno la mwalimu likatoweka na majibu yake yote, nikachukua mwavuli nikaenda nyumbani. Sikupata raha niliyoitegemea. Kesho yake asubuhi nikakuta ameandika upya: "Naona mmefuta. Nimefundisha miaka mingi, nimezoea ubao kufutwa. Naandika tena." Na akaandika tena, neno kwa neno.

Nikaenda kwa msimamizi wangu, mama anayeitwa Ingrid, nikamweleza kwamba mzee wa kwenye filamu ni baba yangu, na kwamba nimefuta maoni ya mtu asiyetukana.

"Ulipaswa kuniambia siku ya kwanza," akasema.

"Najua."

"Ukweli wa watu hatuufuti hapa kwa sababu unatuuma."

Hakunifukuza. Aliniondoa kwenye filamu hiyo, akaamuru maoni yote mapya yasubiri ruhusa yake, na kwa sababu hajui Kiswahili, awe ananiita nimtafsirie. Matusi aliyakataa yote. Neno la mwalimu likabaki. Niliona aibu, lakini pia nilipumua.

Kwa idhini ya Ingrid nilimwandikia Mwalimu Tatu kumwomba radhi, nikamwambia mimi ni nani. Akanipa namba yake. Sauti yake ni ya mtu mzima aliyechoka kama mimi.

"Mwanangu, sikutaka kumuaibisha baba yako," alisema. "Nilimwona yule Feruzi wa katuni anatembea mbele, mnene, anacheka, nikamkumbuka bibi yangu. Nikasema, sasa bibi yangu yuko wapi humu?"

Alinisimulia alivyosimuliwa. Walikuwa watoto wawili kwenye kamba moja. Bibi yake alipopata homa karibu na Uvinza, Feruzi aliubeba mzigo wake juu ya wa kwake, kwa sababu asiyeweza kubeba aliachwa njiani. Walipofika Tabora wakauzwa nyumba mbili tofauti. Alipopata uhuru wake, Feruzi akaenda na misafara mara kadhaa, sasa kwa ujira, pagazi kama wapagazi wengine, kutoka Ujiji hadi pwani na kurudi. Hakuongoza mtu. Lakini kila alipopita Uvinza alimletea yule bibi chumvi, na akaendelea hata wote wawili walipokuwa na wajukuu.

"Chumvi hiyo niliila mimi," Mwalimu akasema. "Sasa nikuulize, kirangozi ana nini cha kumzidi mtu huyo?"

Swali hilo nimekuletea wewe, baba.

Na kuna jambo la Mwanahawa, ambalo nyumba nzima inakuficha, kama na wewe unavyoificha nyumba nzima. Alinitumia ujumbe wa sauti, ananong'ona kwa sababu ulikuwa chumba cha pili. Hakusubiri wakwe waambiwe na mtandao. Alimwita mchumba wake, Nassor, akamweleza mwenyewe. Nassor akamwambia, "Bibi mzaa baba yangu naye alinunuliwa. Sisi kwetu hatumtaji. Picha yake iko sandukuni." Mama yake Nassor amenuna, hilo sitakuficha, na mjomba wao mmoja amesema hatahudhuria. Lakini posa haijavunjika. Nakuambia ili usiendelee kubeba mzigo ambao mtoto ameshautua.

Sikuandikii kukulaumu. Nimeishi huku miaka sita, na hata mimi nikiulizwa kazi yangu nasema niko kwenye filamu. Mashine za kufulia huwa sizitaji.

*

Barua nilikuwa nimeiacha hapo juu siku mbili, maana nilirudi kutoka kazini nimechoka hata kalamu naiona nzito. Leo Ingrid ameniita mezani kwake.

"Kuna neno moja la Kiswahili linasubiri," akasema. "Nitafsirie."

Limetumwa kwa jina la Mwanahawa. Nilianza kulisoma kwa Kinorwei, neno moja moja, kama ninavyosoma yote:

"Mimi ndiye mzee wa kwenye filamu. Mjukuu wangu ananiandikia, lakini maneno ni yangu. Anayosema Mwalimu ni kweli. Baba yangu aliniambia nikiwa na miaka kumi na mbili, akaniapisha nisimwambie mtu, nami nimetunza kiapo hicho mpaka nikakigeuza uongo. Feruzi hakutembea mbele. Alitembea katikati, amefungwa. Mwalimu, kama hao wawili walikuwa kwenye kamba moja, basi mimi na wewe si wageni. Salum wa Feruzi, Isevya."

Nilipofika kwenye jina lako nililisoma mara mbili. Ingrid akasubiri. Akaniuliza, "Je, liruhusiwe?"

Nikasema ndiyo. Akabonyeza. Sasa liko pale, baba, chini ya filamu, na yeyote duniani anayetaka anaweza kulisoma.

Wachoraji wameshalisoma. Wanauliza kama utakubali waje tena, wakurekodi upya. Sikuwajibu. Kinywa ni chako.

Mpe mama mikono yangu miwili, umwambie kanga zake zimefika na nimejifunga moja sasa hivi. Kaka Idrisa, muuzaji wetu wa vipuri vya baiskeli, mwambie sina kinyongo, alikuwa akimlinda mwanawe. Mwanahawa bibi harusi umbusu paji la uso. Shangazi wa Kipalapala, jirani wa mapadri, mwambie namwomba aniombee dua hata kama yeye ni wa kanisani.

Mwalimu Tatu naye ameniomba nimuulizie kama anaweza kufika kwako Ijumaa moja baada ya swala. Kwa uliyoyaandika, nimemwambia asingoje ruhusa yangu. Anatembea kwa fimbo, usimweke kwenye kile kigoda cha chini.

Ni mimi mwanao, kitukuu cha Feruzi,
Rehema