Rundo la Nyuma

Jumatatu, 6 Januari

Tumeanza kupima. Kila Januari ni hivi hivi: mimi na tepu yangu, mtunza ghala na funguo zake. Tunamwita Bwana Funguo, hata mkewe anamwita hivyo. Tunazunguka marundo ya magunia – urefu, upana, kimo, unazidisha, unapata tani. Hakuna kufungua gunia, ndio utaratibu. Nchi inajua ina sukari kiasi gani kwa sababu ya tepu yangu! Nikiwaza hivyo najisikia mtu. Dada yangu, mwoka mikate, kanicheka jioni: basi nimpimie na yeye kiuno.

Jumatano, 8 Januari

Leo rundo la nyuma, chini ya paa linalovuja. Nimeegemea nifunge kamba ya kiatu – gunia halikubonyea. Nikagonga. Jiwe! La pili, jiwe. Bwana Funguo hakushtuka. Iliganda zamani, anasema, wateja wanaikataa, kwa hiyo wanauza ya mbele tu. Mvua ikija, nyingine inaganda.

"Wewe pima tu, mama. Jiwe nalo lina urefu na upana."

Nimepima. Rundo la nyuma sasa limezidi nusu ya ghala.

Alhamisi, 16 Januari

Hesabu ya mwaka imetoka. Akiba ya sukari imepanda kuliko mwaka jana! Na madukani haionekani. Nikaenda kwa Mkuu wangu wa idara, nikamweleza yote. Kumbe anajua. Hilo ndilo lililoniuma.

Akanionyesha jedwali, mpole kama daktari mwenye habari mbaya. Sukari inaingia kwa njia mbili: imetengenezwa au imeagizwa. Inatoka kwa njia mbili: imeliwa au imeuzwa nje. Iliyoharibika haina mahali pa kuandikwa.

"Nikiitoa, lazima niseme wananchi wameila. Yote ile, mwaka mmoja? Watauliza tuna ugonjwa gani."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Ijumaa, 24 Januari

Redioni: akiba inatosha, hakuna vibali vya kuagiza sukari nje mwaka huu. Waokaji watulie, watauziwa kutoka ghala letu.

Dada akapiga simu, furaha tele. Tanuri lake limepoa wiki nzima. Hospitali inayochukua skonzi zake imempa mwezi mmoja tu, akishindwa wanachukua mwokaji mwingine, na hana mteja mwingine wa maana. Nikamwambia, dada, nyingi imeganda. Akasema iliyoganda itaganduliwa.

"Wewe ndiye mpimaji. Ukisema ipo, ipo."

Nilikuwa nimeshasema ipo. Ndiyo iliyosomwa redioni. Nimelia bafuni, maji yakiwa wazi.

Jumamosi, 8 Februari

Nilirudi kwa Mkuu jana. Nikaomba sentensi moja tu chini ya jedwali: zaidi ya nusu imeganda. Mwakani, akasema. Mwakani!

Jumanne, 18 Februari

Waokaji wameuziwa leo. Wenye malori waliingia kwanza, wakamaliza sukari ya mbele. Dada alikuwa mwisho wa foleni. Mimi mlangoni, kitambulisho shingoni, kazi yangu kusimama. Akaninyooshea kidole, akawaambia wenzake kwa sauti: "Huyo mdogo wangu!" Nilitamani ardhi inimeze.

Wapagazi wakamletea gunia la nyuma. Lilivyotua kwenye mkokoteni – kishindo! Foleni nzima ikageuka. Dada akanitazama.

"Ila ni sukari, siyo?"

Ni sukari, dada.

Mkuu alikuwa na raha leo, kaninunulia hata soda. Rundo la nyuma linatoka, jedwali la mwakani litakaa sawa. Anaandika: imeliwa.

Jumapili, 23 Februari

Niko kwa dada tangu asubuhi. Tumelichana gunia, ndani jiwe la kahawia, nyuzi zimejichora pande zote. Yeye patasi, mimi nyundo. Mikono imechubuka. Vipande tukaviyeyusha kwenye sufuria. Maji yakawa meusi, yananuka paa bovu. Tukachuja kwa kitambaa. Tukachuja tena. Bado yananuka.

Nikamwambia tumwage. Akaniuliza nimwage halafu hospitali niwapelekee nini, tepu? Gari lao linakuja kesho asubuhi. Ndio mwisho.

Kaukanda unga kwa maji hayo hayo. Anasema moto unaua kila kitu. Nikasema hao ni wagonjwa, dada. Akazidi kukanda, unga hadi kwenye nyusi. Nimekuja kukaa hapa mlangoni niandike, nisimtazame.

Anaita. Kasimama mbele ya tanuri, kiberiti mkononi.

"Haya, mpimaji. Mimi sijasoma. Ukisema inafaa, inafaa."

Anasubiri –