Kwenye Ile Picha Mama Alikuwa Anacheka

Yaya Nsimire, dada yangu mkubwa,

Nilianza na neno "mpendwa", nikalifuta. Ulisimama mbele ya kanisa zima huko Kanada ukasema mambo yetu kwa kipaza sauti, na maneno yako yakapita kwenye simu za watu mpaka yakafika huku Malawi, kambini kwetu Dzaleka. Kwa hiyo mimi pia sitakunong'oneza. Nakuandikia waziwazi, na anayetaka kusoma asome.

Video yako tuliletewa na Mama Ndayi, jirani yetu Mrundi, yule uliyekuwa ukimtwisha ndoo ya maji. Alikuja anafurahi. "Nsimire iko mu simu. Mukuje muone." Mama akaacha maharagwe aliyokuwa anachambua, akajifuta mikono kwa kitenge, akaja kuketi katikati yetu kwenye baraza ninaposhonea. Alitabasamu alipoona umenenepa kidogo. Kisha ukaanza kusema. Ulisema katika miaka yote ya kambi hatukuwahi kupata hata siku moja ya furaha. Ulisema mama yetu hajacheka tangu tutoke Bukavu. Na nyuma yako, ukutani, ikatokea picha yake, kubwa kuliko mlango wetu: mama ameshika uso, machozi yanamtiririka. Watu wa kanisa lenu wakaanza kupangusa macho.

Mama Ndayi hakujua aangalie wapi. Mama akasema, "Rudisha kidogo." Akaangalia tena mpaka mwisho. Ndipo akaniuliza, polepole, "Aline, ile si njo picha ya masuku?"

Ndiyo, Yaya. Ni picha ya masuku. We mwenyewe uliipiga, kwa simu yako ya kwanza. Nakukumbusha, kwa maana inaonekana umesahau, au umejifanya kusahau.

Ilikuwa mwisho wa kiangazi, mvua haijaanza. Jumamosi asubuhi tulikuwa tunatoka sisi watatu, tunakata mashamba yaliyokwisha kuvunwa, mpaka kwenye msitu wa kilimani upande wa Dowa. Miti ilikuwa inatoa majani mapya, mekundu, na chini yake kulikuwa na ubaridi ambao kambini hatukuwa nao, maana huku hata kivuli kina wenyewe. Masuku, yale matunda ya msituni, hatukuyajua. Ni yule mama Mmalawi mwenye beseni, tuliyemkuta anaokota, ndiye alituonyesha kwa mikono kwamba usichume la mtini, subiri lianguke lenyewe ndipo liwe tamu. Tukakaa chini tukala mpaka vidole vikanata. Tukashindana kutema mbegu, na mama akatushinda. Mwalimu wa Bukavu, mwanamke aliyetukataza kula mahindi tukitembea barabarani, anatema mbegu kupita kichuguu na kuomba nyingine.

Halafu we ukasema unajua kupanda. Ukapanda, tawi likakuachia, ukateleza na makalio kwenye majani makavu mpaka bondeni, na kitenge chako kikabaki juu kinaning'inia. Mama alicheka mpaka akapiga magoti. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, akafunika uso kwa mkono, akasema, "Nsimire, utaniua, mutoto wangu, utaniua." Ukarudi juu umevaa jupo peke yake, ile sketi ya ndani, ukatoa simu, ukampiga picha.

Hayo ndiyo machozi uliyowauzia.

Na Lilongwe je, nayo hukuikumbuka ulipokuwa unasimama pale mbele? Siku tulizopata kibali cha kutoka, tulikuwa tunakwenda sokoni kuchagua kaunjika, ile mitumba ninayoifumua na kuishona upya. Kazi, ndiyo, lakini we hukuifanya kazi. Ulikuwa unazama kwenye mirundo mpaka kiunoni kama mtu anayeoga. Siku moja ukaibuka na gauni la harusi lenye madoa ya chai, ukalivaa juu ya nguo zako, ukaanza kutembea kati ya vibanda kwa hatua za bibi harusi. Wauzaji wakapiga vigelegele. Mmoja, muuza viatu, akavua kofia akakufuata kama bwana harusi, na mama nyuma yenu ameshika pindo la gauni lisiguse tope, uso mkavu kabisa kama mtu aliye kwenye ibada ya kweli. Baadaye tulikunywa thobwa baridi, kile kinywaji cha mahindi, karibu na mto, miguu inatuuma, tukapangiana majina ya watoto wa ndoa yako na yule muuza viatu. Mi bado nakwenda kwenye mirundo ile. Yule muuza viatu bado ananiuliza, "Mkwatibwi ali kuti?", bibi harusi yuko wapi. Mtu asiyejua hata jina lako anakukumbuka ukiwa mchangamfu. We uliyelelewa na mama huwezi kumkumbuka mama ukicheka naye.

Usiniambie nimesahau njaa. Nilikuwapo mgao ulipopunguzwa. Nilikuwapo mama alipougua malaria na sisi tunampepea kwa kifuniko cha sufuria. Hayo yaseme, ni ya kweli, yaseme mpaka uchoke, nami nitakuwa wa kwanza kukuitikia. Kinachonichoma ni kwamba ulikuwa na machozi ya kweli ya kutosha, ukaenda kuchukua kicheko chake ukakigeuza kilio.

Nilikupigia siku ileile ya video. Unajua ulichonijibu, lakini wasomaji hawajui.

"Aline, uelewe," ulisema. "Balinipatia dakika kidogo tu. Bantu ba huku, ukibaambia mulikuwa munakula matunda mu pori na kuimba, banauliza sasa munataka tubasaidie nini."

"Na mama?"

"Mama atanielewa."

"Mama iko hapa kando yangu. Umuambie mwenyewe."

Ukasema uko kazini, utapiga jioni. Kiangazi kimekwisha hujapiga.

Sasa nikuambie kilichotokea, kwa kuwa hukuuliza. Unajua konseri ya makorali, ile ya kwaya zote za kambi inayofanywa uwanjani kila mwaka kabla ya mvua. Unajua mama ndiye anayeimba peke yake katika wimbo wa kufunga. Ulikuwapo mwaka ule umeme ulipokatika, spika zikazima, ngoma za Warundi zikanyamaza, watu wakaanza kuinuka waende zao. Mama hakusimama hata kupumua. Akaendelea kwa sauti yake mwenyewe, na uwanja wote ukaketi tena chini, mpaka Wamalawi waliokuja na kabaza zao, baiskeli za kubeba abiria, wakashuka wakasikiliza. We ulinishika mkono ukaniambia, "Angalia mama yetu." Ni maneno yako hayo.

Mwaka huu alikataa. Viongozi wa korali walipokuja, aliwapa viti, akawapa chai, akasema, "Mi siimbi. Bataniangalia na huruma. Batasema, njo ule mama wa kulia." Na hakukosea. Tulipokwenda kisimani mwanamke mmoja tusiyemfahamu alimshika bega mama akamwambia, "Pole, mama, tulikuona." Mama aliitikia vizuri, kwa adabu. Aliporudi alilala mchana, mtu ambaye halali mchana. Nilikaa kwenye cherehani nikakanyaga pedali bila kitambaa.

Wanawake wa korali hawakumwachia. Walihamishia mazoezi kwenye uwanja wetu, pale kati ya kamba ya nguo na jiko la mkaa, bila kuomba ruhusa. Siku ya kwanza mama alikaa ndani. Siku ya pili akakaa ndani. Sauti ya pili ilikuwa inapotea kila inapofika ule mstari wa kupanda, wanarudia, inapotea, wanarudia. Mwishowe mlango ukafunguka, mama akatoka na mikono yenye unga.

"Hapana," akasema. "Hapo munabeba wimbo kama munabeba gunia. Muuache kwanza upumue."

Akawaimbia mstari. Wakaufuata. Nilitaka kulia, nikajizuia, nikiogopa mtu asije akanipiga picha.

Jumapili aliimba, Yaya. Lakini usishangilie. Alikataa kusimama mbele. Alisimama mstari wa nyuma, nyuma ya wanawake warefu, na kila simu ilipoinuliwa aliinamisha kichwa. Sauti yake ilifika kwetu sote, uso wake hatukuuona. Mama yetu, ambaye alikuwa akiimba ameinua kidevu kama anamjibu mtu. Hicho ndicho ulichotunyang'anya, na hakuna mchango wa kanisa lolote unaoweza kukirudisha.

Nataka mambo mawili. Uitoe ile picha kila mahali ulipoiweka. Na ukisimama tena mbele ya wale watu, uwaambie kwamba mama yako alikuwa anacheka kwa sababu wewe ulianguka mtini, na kwamba watu wanaocheka pia wanahitaji chakula, dawa, na nchi. Kama wana akili wataelewa. Kama hawaelewi, basi nyamaza, uwape hadithi zako mwenyewe, sisi utuache.

Ninapoandika mama amepita nyuma yangu na beseni la nguo. Ameuliza, "Unamuandikia nani vile, kalamu inataka kupasua karatasi?"

"Yaya."

Ametundika shati. Kisha akasema, "Umuambie baridi ya kule asiichezee. Avae vizuri. Umuambie namusalimia."

Nimeambiwa niandike, nimeandika. Mama anakusalimia.

Mi bado.

Mdogo wako,
Aline