Mvinyo Rahisi Mtungini

Jumanne, Februari

Joto la leo limewafanya hata paka wa jikoni wakatae samaki. Lakini bado nina kazi, alhamdulillahi, ingawa asubuhi sikuwa na hakika.

Bi Njeri, meneja wetu mpya hapa hoteli ya Ras Kitau, alitaka kuleta mhudumu wa baa kutoka bara ashike nafasi yangu. "Bwana Athumani, utachaguaje mvinyo na wewe huonji?"

"Naonja kwa nyuso za wageni, Bi Njeri. Mwaka wa kumi na mbili huu."

Akacheka, ila si kicheko cha kumwachia mtu kazi.

Mchana wageni sita walitokwa jasho mbele ya mvinyo mwekundu alioagiza yeye, wa bei kali, vuguvugu kama chai iliyosahauliwa. Glasi zikabaki zimejaa. Nikaenda kivulini kwenye mtungi wa udongo wenye maji, ambamo tangu alfajiri nilikuwa nimezamisha chupa za bei rahisi, nikawamiminia. Mzee mmoja akafumba macho. Mkewe akavua kofia. Hawakuuliza mvinyo gani, waliuliza kama upo mwingine.

Bi Njeri akaonja, akauchungulia mtungi. Kisha: "Huo mtungi mmoja utatosha kweli?"

Basi nimeagiza miwili zaidi kutoka Amu. Habari za mtu wa bara hazikutajwa tena.

Mama bado ananiombea riziki isiyonuka zabibu. Namwitikia amina, na kwa dhati. Lakini kabla dua haijajibiwa, kesho nitauzamisha na mvinyo mweupe.