Shati Jeupe la Kapteni wa Doria

Jumatatu, 24 Februari

Theluji tena. Kapteni Krause amerudisha vifaa vyake leo. Redio, fulana ya kuzuia risasi, ufunguo wa gari. Akavimwaga kaunta kama mtu anayetua kuni. Anastaafu mwisho wa wiki. "Haya, Orrin, Kitengo cha Doria nakuachia," akasema. Kana kwamba mtunza stoo ndiye anayerithi askari! Nikamwambia nitawapanga kwenye rafu, wakubwa chini, wadogo juu. Hakucheka. Wastaafu wetu hawacheki mpaka wafike Florida kwenye jua.

Basi kiti cha Doria ki wazi na jengo zima linanong'ona. Mimi vitengo navijua kwa wanavyochakaza nguo. Doria huchakaza suruali makalioni, kwa kukaa garini. Trafiki, viatu. Upelelezi huchakaza viwiko, kwa kuegemea meza za watu. Wale wa Utawala, ghorofa ya juu, hawachakazi kitu. Hapa kwetu shati jeupe huanzia cheo cha kapteni kwenda juu, wengine wote ni buluu. Na hayo meupe hunirudia meupe vilevile.

Kila mtu anajua nani atapewa: Luteni Renata Zielke. Krause alishakuwa akicheza karata kwenye kompyuta tu. Renata ndiye anayepanga zamu, Renata ndiye anayekwenda kugonga mlango wa mama aliyefiwa. Hata mbwa wetu wa polisi humsikiliza yeye kuliko anayemshika kamba.

Alishuka mchana na sandwichi yake, akaketi juu ya boksi la viatu kama kawaida, akaanza kunitania kwamba nanuka dawa ya nondo. Kisha akashusha sauti. Ashby Mills, kale kamji ng'ambo ya ziwa, wanamtaka awe mkuu wao wa polisi. Jibu wanalitaka Ijumaa, kabla ya saa sita mchana.

Na utawaambia nini? nikamuuliza. — Hapana, anasema. Watu wangu wako hapa. Halafu Mkuu wetu Dombeck kanishika bega kabisa: Renata, usiende mbali, Jumatatu ijayo natangaza.

Alisema hivyo tu?

"Hivyo tu. Ulitaka apige magoti, mzee?"

Nikaendelea kukunja soksi.

Jumanne, 25 Februari

Naibu Mkuu Lindgren kashuka stoo. Mwenyewe! Mara ya mwisho alishuka hita ya juu ilipoharibika. Anaulizia boksi lililokuja kwa jina lake. Lipo. Nimelifungua? Nimelifungua — kila boksi nalifungua, ndiyo kazi yenyewe. Akavuta pumzi, akafunga mlango.

Mashati meupe. Beji za kapteni zimeshashonwa mabegani. Kola pana, unaweza kupitishia kichwa cha ndama. Renata ana shingo ya korongo. Nimemvisha tangu akiwa kuruta, sihitaji kumpima. Shingo ile pana katika idara hii ipo moja tu, nayo ni ya Luteni Todd Brusky wa Upelelezi. Yule anayekwenda kuwinda kulungu na Mkuu kila Novemba. Kibanda kimoja, chupa moja.

Nikasema tu, kama mtu asemaye habari za hali ya hewa, kwamba Brusky hajawahi kupanga zamu hata moja maishani mwake.

Hiyo si shida, akasema Lindgren. Renata atamshika mkono mpaka azoee. "Ndiyo maana hatutaki maneno kabla ya Jumatatu. Kuna mji fulani unamnyemelea yule dada. Ikifika Jumatatu, mambo yatakuwa yametulia."

Yametulia! Kwa hiyo wanajua habari za Ashby Mills. Wanajua, na wamekaa kimya wakingoja aufunge mlango ule kwa mkono wake mwenyewe. Kisha wamwoneshe huu hapa umefungwa zamani.

Akiwa ameshika kitasa akageuka. Mkeo Doreen hajambo? Bado anasafishwa damu pale kliniki? — Bado. "Bima yetu ya kazini nzuri sana," akasema. "Ni bahati, Orrin. Wenzetu wengine hawana." Akafunga mlango taratibu. Mtu mpole mno. Sijawahi kumsikia akipaza sauti.

Jumatano, 26 Februari

Siku ya Doreen ya mashine. Nilimweleza yote njiani, wakati wa kurudi, maana wakati wa kwenda huwa hapendi kuongea.

Mwambie, akasema.

Na bima?

Alijibu tulipofika darajani: "Basi usimwambie. Lakini usije ukaniambia ni kwa ajili yangu." Akageukia dirishani, akafumba macho. Hakuwa amelala. Nimelala na mwanamke yule miaka yote hii, namjua akilala.

Supu ya jibini haikuliwa, si na yeye si na mimi.

Alhamisi, 27 Februari

Asubuhi Brusky kaingia. Kaegemea kaunta yangu kwa viwiko, bila shaka. "Mzee, mzigo wangu umefika?" Mzigo gani? Akakonyeza jicho. Nikamwangalia kama ng'ombe anavyoangalia treni. Ndipo uso ukamshuka. Kumbe jamaa ana hofu! Anadai hakuomba, ni Mkuu aliyempigia simu akiwa anakwangua barafu kwenye kioo cha gari, na mtu atakataaje simu ya Mkuu? Halafu, akitazama chini: hivi zamu za Doria hupangwaje hasa? Zile za sikukuu?

"Muulize Renata."

"Nitamuuliza Jumatatu," akasema. Kwa dhati kabisa. Ningemchukia vizuri zaidi kama angekuwa mwovu.

Mchana vijana wa Doria wameleta keki kwenye friji ya chumba cha mapumziko, na kikaratasi juu: ISIGUSWE MPAKA JUMATATU, POLISI WANAKUONA. Sajenti mmoja kaniuliza nina shati jeupe dogo dogo hivi, la kumtania nalo Renata. Nikasema yameisha.

Alipokuja mwenyewe na sandwichi nilijaribu. Kweli nilijaribu! Nikasema nasikia Ashby Mills wana ziwa zuri.

Akacheka. "Unanifukuza?"

Nikasema, mimi nisingemkatalia mtu kitu kabla sijaona kitu kingine kwa macho yangu.

"Kitu gani?"

Mlango ulikuwa wazi, na Lindgren alikuwa anapita ukumbini na kikombe chake cha kahawa. Akapunguza mwendo. Akatabasamu.

"Ziwa," nikasema.

Renata akanitazama muda. Akaniuliza kama natumia dawa zangu za presha. Nikasema natumia. Akanipa nusu ya sandwichi yake, nami nikaila yote, mwizi mimi.

Ijumaa, 28 Februari

Naandika kazini leo, nyuma ya makoti ya baridi, juu ya boksi la viatu lile lile analokalia Renata. Mikono inataka kazi, basi iandike.

Renata yuko kaunta. Ameingia sasa hivi, simu mkononi. Anataka kuwapigia Ashby Mills kutoka hapa kwangu, kwa sababu huko juu kuta zina masikio. Nikamwambia ngoja kwanza, kuna glavu zako nyuma nizilete. Nikaliweka boksi la Lindgren kaunta, mbele yake. Limefunguliwa. Shati la juu nimelikunjua, kola imekaa wazi kama mdomo. Nikaja huku. Glavu hazipo, hazijawahi kuwepo.

Sikusema neno! Wakiniuliza nitakula kiapo: sikusema neno. Mtu kaacha boksi kaunta, mtu ana macho. Na Renata ni askari, hupima kwa jicho urefu wa mtu anayekimbia gizani. Atajua.

Nasikia karatasi laini za kufungia. Anazigeuza.

Karatasi zimeacha kulia.

Amelishika. Najua amelishika. Sasa ameona. Samahani, binti. Bora uone hapa kwangu kuliko Jumatatu mbele ya watu na keki.

Anacheka!

"Orrin! Wewe mzee wewe! Ndiyo maana ya yale yote ya ziwa, na kuona kwa macho! Ulikuwa unakufa na siri!" Anacheka mpaka anakohoa. Kisha: "Lakini macho yamekwisha kabisa, ndugu yangu. Hili si shati, hili ni hema. Tutaingia mimi na mama yangu na mbwa."

Mungu wangu.

Analivaa. Nasikia koti lake la buluu likianguka kwenye kiti. Anaimba kidogo, anasema angalia mikono hii, angalia, ataongozaje trafiki mtu wa namna hii, atapaa.

"Toka huko unipime upya! Ngoja basi niwamalize hawa wa Ashby Mills, nisiwaweke roho juu bure."

Vidole kwenye simu. Inaita. Nasikia mpaka huku inavyoita.

Wamepokea. Anawasalimia kwa ile sauti yake ya kwenye redio, safi, haina haraka. Anasema ni Renata Zielke, ana jibu lao. Sasa anangoja. Wamekwenda kumwita meya wao, alikuwa nje anasukuma theluji.

"Njoo basi na tepu yako, mzee. Njoo usikie mtu anavyokataa ukuu akiwa amevaa hema."

Tepu iko shingoni mwangu. Nimesimama. Anasema kwenye simu: ndiyo, bado nipo, hakuna shida, nasubiri.