Kingamwili Iliyoona Kisichokuwepo

Mwenzangu, nimemtendea vibaya yule dada aliyenifundisha kazi maabarani.

Unajua nilivyoitilia shaka kingamwili yake, ile ya kutambua protini inayoshikilia vipokezi vya ubongo. Jana niliijaribu kwenye ubongo wa panya asiye na protini hiyo kabisa.

Imeitambua! Protini haipo, nayo imeitambua! Shahada yake ya udaktari imesimama juu ya kichupa hicho cha kingamwili.

Nilipomwonyesha picha, alisema, "Wewe hata kivuli chako ungekidai kitambulisho." Kisha akaketi. "Mdogo wangu, umemwambia nani mwingine?"

Mdogo wangu, alivyoniita!

Nikamjibu, "Sijamwambia mtu."

Profesa wetu nilimwonyesha leo asubuhi, kabla ya dada. Na nilikwenda kwa profesa nikiwa na furaha.